Ajenda ya Nne

Kikao cha madaktari, Kigoma, jioni, viti vya plastiki.
Ajenda ya nne: sherehe ya mwaka,
migebuka ya kukaanga, wali, soda kreti tatu.
Mhazini, Dokta Gwimo, akasoma salio
hadi senti ya mwisho.

Ndipo Ntahondi wa Kalya akasimama,
suruali bado ina maji ya boti.
"Juzi usiku nimemshona mzazi,
tochi ya simu nimeibana kwa meno.
Chaji ilibaki asilimia sita."
Hakuomba kitu. Akaketi.

Katibu akaikata sherehe kwa mstari mmoja,
akaandika: sola, betri, taa mbili.

Chai ya rangi tuliinywa kavu.
Ruhaza, mpasuaji wetu mkongwe, akauliza tu:
"Na hayo meno, Ntahondi,
hayaumi?"