Udongo Usio na Kiberiti

Mwezi wa kwanza tuliichoma mbuga.
Baba alipiga njiti moja tu, akaitupa,
upepo wa Vichada ukaimalizia kazi.
Siku ya tisa nyasi zikachipua
laini, mbichi, za kumdanganya yeyote
asiyefuga.

Nami nilidanganyika. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja.
Niliandika daftarini: shibe.

Lakini Golondrina alisimama katikati ya shibe ile
na mfupa mdomoni,
mkavu, mweupe, wa ng'ombe aliyekufa kiangazi cha juzi,
akiutafuna kwa upande mmoja wa taya,
mate yakimchuruzika, macho mbali,
kama mtu anayejaribu kukumbuka jina.

Ng'ombe hashindwi na nunduye, husemwa.
Nundu aliibeba.
Kilichomshinda ni goti.

Don Eleuterio alisema karogwa,
akamfunga utepe mwekundu kwenye pembe.
Mama alisema minyoo.
Baba alisema: nyasi zinamfika tumboni,
anataka nini tena?

Dada yake, tumbo moja, dume moja,
tulikuwa tumemuuza kwa Fidelina Guarín
ng'ambo ya mto Bita, kule maji yanakofurika
na kuacha tope jeusi
linalong'ang'ania buti kama mdai.
Mwezi wa sita tuliwapandisha wote wawili
kwenye mizani ile ile.
Dada: kilo mia tatu na tisini,
na ndama wa tatu ubavuni.
Golondrina: mia mbili sabini na moja.
Ndama mmoja kwa miaka minne,
naye alizaliwa na miguu ya kuazima.

Baba aliutazama mshale wa mizani,
akaugonga kwa kidole
kana kwamba kosa ni lake.

Ndipo akaja Yorladis Pabón na koleo fupi.
Ng'ombe hata hakumtupia jicho.
Alichimba,
akajaza udongo wetu mwekundu kwenye mkebe wa dagaa,
akaondoka nao.
Aliporudi alikuwa na karatasi.
Fosforasi: karibu hakuna.

Kwa lugha yetu neno hilo ni moja,
madini yanayojenga mfupa
na kiberiti kilichomo mfukoni mwa baba.
Baba akacheka. "Ardhi yangu haina kiberiti?"
Akakitoa, akakitikisa, kikalia.
Hakucheka tena.

"Mvua imekila," Yorladis alisema,
"mvua ya miaka isiyo na mhesabuji.
Iliyobaki ni kutu,
na kutu haitoi kitu.
Nyasi zitatoa wapi ambacho hazikupewa?"
Kisha, taratibu, kama anayetaja msiba:
"Na kila fahali mliyempakia lorini
aliondoka na konzi ya shamba hili
ndani ya mifupa yake."

Miaka arobaini ya malori.
Mimi ndiye niliyekuwa nikifunga lango.

Golondrina hakuionja chumvi yenye madini.
Mfupa ule ulikuwa na sumu ya mzoga.
Ulilegea ulimi kwanza, kisha shingo,
na utepe wa Don Eleuterio
ukabaki unapepea kwenye pembe.

Sasa hori lipo, chini ya kipande cha bati,
na bei ya gunia humnyima baba usingizi.
Bado tunachoma mbuga kila mwezi wa kwanza.
Bado nyasi hudanganya.

Jana mjukuu wa Golondrina
alikuwa akirudi kutoka horini, midomo myeupe.
Njiani palikuwa na mfupa.
Akaunusa.
Akapita.