Uhusiano na Marehemu

Mimi ni karani wa likizo, kiwanda cha minofu.
Upepo ukigeuka, Kisumu nzima inajua
tumepasua mbuta wangapi.
Kazi yangu ni muhuri, na fomu iliyoundwa Rotterdam.
Namba saba: Uhusiano na marehemu.
Kisanduku kinatosha neno moja.

Februari, Oduol Magak, bingwa wa kisu, aliandika: Mama.
Nikagonga muhuri. Siku tatu, nauli ya Nyakach.
Juni akaandika: Mama.
Oktoba, kwa kalamu ileile inayovuja: Mama.

Meneja Terpstra alizitandaza fomu mezani kama karata.
Hakupaza sauti. Kwao ukweli hutolewa mkavu,
bila kitoweo, na huo ndio adabu.
"Mtu huzika mama wangapi?"
Oduol alisimama, macho sakafuni,
kama tulivyofunzwa mbele ya mkubwa,
na macho yale yakasomwa kuwa hatia.
"Umeelewa kosa lako?"
"Ndiyo."
Ndiyo ile haikuwa kukiri.
Ilikuwa nimesikia, ilikuwa naomba tumalize.
Meneja aliitia kwenye faili, kwa wino, na tarehe.

Nilijaribu. Nilichora duara, nikachora mishale:
huyu alimzaa,
huyu aliolewa boma lilelile kabla ya huyo,
akambeba mgongoni msimu wa mafuriko,
na huyu, mdogo wa mama, alimlipia karo
kwa omena, gorogoro baada ya gorogoro.
Aliutazama mchoro
kama mtu anayetafuta mlango wa dharura.
"Basi mmoja ni mama. Wawili ni shangazi."
Shangazi! Dada ya baba aingie hapa kwa njia gani?
Nikalimeza. Chai ilikuwa inapoa.

Machi, baba yake Terpstra akafariki. Ijumaa.
Jumanne alikuwa kazini, shati limenyooka,
anauliza barafu imebaki tani ngapi.
Kwenye meza za kupasulia visu vilipunguza mwendo.
Labda hakumpenda.
Labda si baba yake.
Wengine waliomwita mkali
sasa walimwogopa hasa.

Alhamisi, saa ya chakula, walikuja kumi na wanne,
gambuti nyeupe, magamba kwenye mikono,
wakaketi ofisini mwake, vitini, sakafuni,
juu ya katoni za lebo.
Kimya.
Alinivuta kando: "Wanadai nini?"
"Hawadai. Wamekuja kukaa."
"Mpaka saa ngapi?"
Hilo sikuwa na jibu lake kwa lugha yoyote.

Oduol alitangulia, na bahasha kwa mikono miwili.
Elfu mbili, mia saba na hamsini.
Orodha nyuma ya risiti ya barafu:
Magak, mia tano. Atyang', mia mbili.
Wafula wa mizani, mia na nusu.
Hongo, mlinzi wa usiku, hamsini.

Walipoondoka alizihesabu mara mbili.
Aliniuliza ziingie akaunti gani.
Kisha akaisoma orodha tena, polepole,
kidole chini ya kila jina,
na masikio yake yakawa mekundu.
"Hili ni deni," alisema.
"Ndiyo," nikasema, na yangu ilikuwa ndiyo.
"Linalipwa lini?"
"Mtu akifiwa, utakwenda."
"Na riba?"
Nilicheka. Yeye hakuwa anatania.

Fomu haijabadilika; Rotterdam wanasema mfumo hauruhusu.
Kwenye faili la Oduol bado imeandikwa amekiri.
Ila namba saba watu sasa wanaijaza hadi pembezoni,
mama aliyemnyonyesha dada yangu,
baba wa jina langu,
na sahihi ya Terpstra inapita juu yake,
polepole, kama mtu anayevuka mto asioujua kina.

Orodha ameiweka chini ya kioo cha meza.
Hongo hajaonekana getini tangu Jumatatu;
mkewe amelazwa.
Jana, bila kuinua kichwa,
Meneja aliniuliza Usenge ni kilomita ngapi.