Kitako cha Kisado

Barua ni ya heshima, ina muhuri:
nchi yetu imechelewa siku mbili.
Kalenda ilitangaza tarehe kumi, saa nne asubuhi,
mfumuko wa bei usomwe na wote kwa pamoja,
waziri na muuza karanga dakika ile ile.
Umesomwa tarehe kumi na mbili.
Na chini, kwa herufi za kukodolea macho:
chanzo cha kuchelewa, Mwanza, safu ya dagaa.

Safu ya dagaa ni mimi.
Milembe Kwilasa, mdadisi wa bei,
kitambulisho shingoni, kishikwambi chenye ufa,
kiatu cha kushoto kinaingiza maji ya Mwaloni.

Wewe mkaguzi uliyeketi mbali
ukizipaka nchi kijani na nyekundu,
ngoja nikuhesabie siku zangu mbili.

Mwezi ulikuwa umejaa.
Ukijaa, karabai hazina kazi,
dagaa hafuati kibatari mbele ya taa kubwa.
Mitumbwi ikalala kifudifudi Igombe hadi Kayenze,
Kirumba ikabaki mizigo ya juzi,
na Nabigambo wa Ukerewe juu ya gunia lake:
"Bei ile ile, mwanangu. Andika elfu nane kisado."

Ile ile.
Kidole kilishafika kwenye kitufe.
Kompyuta inaipenda ile ile,
msimamizi anaipenda,
hakuna aliyewahi kupigiwa simu usiku
aulizwe kwa nini bei imetulia.

Ila kisado kilikuwa kimegeuzwa kukung'utwa,
nikakiona kitako:
kimebonyezwa kuingia ndani, polepole, kwa nyundo ya fundi,
kama tumbo la mtu anayevuta pumzi apigwe picha.

Nikaazima mizani kwa muuza sangara, ina magamba bado.
Mwezi uliopita kilo moja na robo.
Leo kilo moja, na mshale unasitasita.
Nabigambo hakukasirika.
Alifunga upya khanga, akasema chini chini:
"Usiniandike peke yangu. Waandike wote."

Basi nikawaandika wote.
Meza thelathini na moja, visado thelathini na moja,
ishirini na tisa vimevuta pumzi.
Siku ya pili nikapanda Mabatini kwa fundi Mazigo,
nyundo mkononi, miwani imefungwa kwa uzi.
"Mimi nafuata mafuta ya boti," akaniambia.
"Yakipanda kidogo, nagonga kidogo.
Yakipanda sana, nagonga mpaka mwenye kopo aseme basi."
Hiyo ndiyo takwimu, ndugu mkaguzi, na imetunzwa kwa bati
kabla hatujaijengea ofisi.

Simu ya msimamizi: "Jaza ya mwezi uliopita, tarehe imefika!"
Nikamwambia mtandao unakatika.
Huo ndio uongo pekee niliopeleka mwezi ule.

Weka nyekundu, ni haki yako.
Ahadi ya saa ni ahadi,
na anayechelewesha namba leo kwa sababu njema
kesho ataichelewesha kwa sababu ya uchaguzi.
Hilo nalijua, silibishii.
Ila kwenye fomu yako kuna kisanduku cha siku,
kuna kisanduku cha saa;
cha kitako nimekitafuta kurasa zote kumi na nne.

Mwezi huu nimerudi Mwaloni.
Namba ilitoka redioni, ikasemwa sokoni, ikageuka ugomvi,
na visado vyote vimenyooshwa, vinang'aa.
Elfu kumi.
Wanawake wanauliza bei, wanashika kiuno, wanaondoka.
Nimetuma safu yangu siku tatu kabla. Utapaka kijani.

Kisha nikanunua kisado kimoja, cha nyumbani.
Nabigambo alijaza kimya,
akakisawazisha juu kwa kiganja,
akanifungia.
Nyongeza hakunipa.