Milimita

Baba aliniachia malisho mawili ya mteremkoni,
mbwa asiyetii ila kwa mluzi,
na tabia ya kupima mvua.
Kila asubuhi saa moja, kabla ya chai,
natoka na penseli nyuma ya sikio,
nasoma chupa iliyofungwa kwenye nguzo ya lango,
naandika: Jumanne. Kumi na moja. Upepo wa magharibi.
Miaka thelathini na minne ya madaftari
yamepangwa juu ya kabati la dawa za kondoo,
na ukiyasoma yote hutajua
siku niliyooa,
maana siku hiyo imeandikwa: Tatu. Manyunyu.

Ifan alipokufa
(pikipiki, kona ya darajani,
barabara aliyoijua kama mfuko wake)
niliandika: Sifuri.
Kesho yake: Sifuri.
Siku arobaini za sifuri,
na mvua, Mungu shahidi,
ilinyesha kama iliyolipwa.
Chupa ilifurika. Mto ulipanda hadi zizini.
Nesta alisoma siku moja begani kwangu, asiseme neno.
Ndivyo tulivyo huku Wales, bonde letu hili:
mtu akikuuliza hali, unamjibu bei ya wanakondoo.

Mnadani, kati ya banda la mafahali na mkahawa,
muuguzi Heulwen ameweka meza na kipimo cha presha.
Alinivisha mkanda, ukanibana mkono.
Akasoma. Akasoma tena.
"Unalala?"
Nikamwambia madume ya kondoo yamepanda bei.
Akacheka kidogo, kisha akaacha.
"Kuna kitu unaandika?"
"Mvua."
"Basi baada ya mvua, ongeza mstari mmoja.
Si lazima upendeze. Hakuna atakayeusahihisha."

Nilikaa na penseli siku tatu.
Mikono hii imevuta wanakondoo waliokwama tumboni,
gizani, kwa kupapasa,
ikashindwa kuvuta neno.
Ndipo Alhamisi:
Kumi na mbili. Ukungu.
Nimelia ndani ya trekta, injini ikiunguruma, mbwa asisikie.

Sikupona, msinielewe vibaya.
Donge halikuyeyuka. Lilihama tu,
kama gunia unalolibadilishia bega.

Ijumaa: Nane. Nimeokota soksi yake nyuma ya mashine ya kufulia. Moja tu.
Jumamosi: Mbili. Nimemkasirikia. Nani alimtuma aendeshe kasi vile?
Jumapili: Haikunyesha, kweli kabisa. Sina la kusema.
Jumatatu: Tisa. Nimecheka kwa jambo la redioni, halafu nikaona haya.

Nesta si mtu wa kalamu.
Yeye hukanda unga.
Usiku wa manane nasikia donge likibamizwa mezani,
pu, pu, pu,
na asubuhi mikate sita, nasi tu wawili.
Tuligawa hadi mzee wa posta akaomba tumwonee huruma.
Nilidhani ni hayo tu, unga na usiku.

Mwezi wa tatu niliacha daftari wazi mezani,
sijui kwa kusahau au kwa kutaka,
nikaenda kuzalisha kondoo.
Niliporudi, damu ingali kwenye viwiko,
nikakuta chini ya mwandiko wangu
mwandiko mwingine, ulioinamia kushoto:

Ni kumi na nne, si kumi na mbili. Vaa miwani.
Kila Jumatano naendesha gari hadi machimbo ya zamani,
nafunga vioo, napiga kelele mpaka sauti inakauka.
Njoo ukitaka. Beba mkate.

Jumatano. Sita. Upepo umegeuka.
Tumekwenda.
Alipiga yeye kwanza; kunguru wote wakaruka
kutoka kwenye ukuta wa mawe.
Mimi nilifungua kinywa nikakohoa,
nikakohoa tena, basi.
"Wiki ijayo," alisema,
akaumega mkate juu ya usukani.