Greda Moja

Halmashauri yetu ina greda moja,
la njano, lilichakaa kabla sijaajiriwa,
na kata ishirini na mbili zinaligombea.

Jumatatu nachonga barabara ya viwandani,
ya kinu cha pamba na kiwanda cha minofu,
pale ambapo hata vumbi lina mafuta
na mapanki yameanikwa juu ya jabali.
Mlinzi Rwechungura hunifungulia geti shingo upande:
"Sisi huku ndio tunaolipa kodi."

Alhamisi navuka daraja.
Huku njia ni ya ng'ombe kwanza, ya watu baadaye.
Mbuke husimama kwenye tuta la viazi.
"Mhola?"
"Mhola duhu."
Halafu, bila kuvuta pumzi:
"Sisi huku ndio tunaowalisha."

Kwenye baraza la madiwani walizozana kutwa.
Diwani wa mjini alipiga meza.
Diwani wa Bugandala alifungua mfuko wa rambo,
akamwaga juu ya ajenda
pamba iliyolowa, nyeusi kama masizi,
iliyokwama njiani wiki tatu.
Hakusema neno.
Mwenyekiti akaagiza chai.

Mimi nilikuwa nje, natia grisi.
Najua yasiyoandikwa kwenye muhtasari:
king'ora cha kinu kikilia saa sita,
wanawake wa Bugandala, nyuma ya kilima,
hutua majembe.
Na mvua ikichelewa kule kwao
fundi mitambo huku mjini hutoka na kikombe chake,
akayasoma mawingu
kama mtu mwenye ekari kumi.

Mwaka juzi kinu kilinyamaza miezi minne.
Mbuke akaniuliza, "King'ora mmekizika wapi?
Watoto wanakula jua limeshapinda."
Sikuwa na jibu. Nikapiga honi.
Alicheka mpaka akaketi juu ya tuta.

Tangu siku ile, nikiwa upande ule,
saa sita kamili napiga honi ndefu.
Hakuna aliyeniagiza.
Haimo kwenye bajeti.

Kwenye jiwe la mpaka wa mji
huwa nasimama kidogo, nasema napoza injini.
Greda ni refu. Magurudumu ya mbele
yameshakanyaga tope la majaruba,
ya nyuma bado yananuka lami,
na kisu kiko katikati,
kimening'inia,
na dizeli
imebaki lita kumi na mbili.