Fundi Anahesabu Sindano

Miaka arobaini na moja nimeshona hapa Katumba,
kwenye kibaraza cha duka lisilo langu,
na sindano iliyoniponyoka niliipigia magoti.
Mteja angoje. Mvua inyeshe.
Nilipapasa sakafu kwa kiganja, kwa sumaku,
hadi inichome au ing'ae.
Fundi hapotezi sindano:
hilo nilifundishwa kabla ya kushika mkasi.

Kisha sukari ikaniingia,
macho yakapoteza tundu la uzi,
nikapewa sindano za aina nyingine,
fupi kama kope, zisizopokea uzi,
za kazi moja tu, kisha zistaafu.
Asubuhi moja, jioni moja,
Tupokigwe akigeuza uso, mimi nikibana nyama ya tumbo
kama nilivyobana pindo kabla ya kulilaza.

Na hizi, Mungu anisamehe, sikuzihesabu.
Nilizifunga kwenye gazeti, nikazitupa nyuma ya nyumba,
kwenye rundo la majani ya migomba na maganda ya viazi.
Nikasema udongo wa Rungwe unakula kila kitu,
umekula babu zangu wote na majembe yao,
utashindwa na kijiti cha chuma?

Mvua ilikula gazeti.
Chuma ikakiacha.

Ikupa, mke wa jirani, alikuja kuomba mbolea ya kabichi.
Chota, mwanangu, nikamwambia, chota hadi uchoke.
Akatia mikono yote miwili.

Hakupiga kelele. Alisema tu, "Ala,"
akainua kidole gumba,
na sindano yangu imesimama pale
kama iliyochomekwa kwenye kitakia cha fundi.

Maji na sabuni. Bodaboda. Hospitali.
Wakamtoa damu, wakanitoa na mimi.
Yangu ilikuwa na sukari tu,
lakini daktari alisema ini lina kalenda yake,
arudi baada ya miezi mitatu, na tena baada ya sita.
Miezi yote hiyo mumewe hakuacha kunisalimia,
"Ugonile, fundi,"
na salamu ile ilinielemea kuliko tusi.

Sasa pale ilipokaa cherehani pana dumu la sabuni,
plastiki ngumu, mdomo wa kusokota.
Sindano ikitoka tumboni inaingia humo papo hapo,
haivishwi tena kofia yake;
kofia ndiyo huchomesha vidole vya mvishaji.
Ubavuni niliandika kwa chaki ya nguo, ikafutika.
Nikaazima rangi ya kucha ya mjukuu:
SINDANO. USIFUNGUE.
Na hesabu iko kwenye daftari la vipimo,
chini ya kifua, kiuno, urefu wa mkono:
leo mbili. Jana mbili. Juzi moja, nilisahau.

Likifika robo tatu nalifunga, nazungushia utepe wa gundi,
nashuka zahanati kwa miguu,
dumu kifuani, kama mtu aliyebeba mayai.
Zinalia chakacha humo ndani kila nikikwepa dimbwi.
Nesi Lugano analipokea kwa mikono miwili, halifungui,
analipeleka kwenye tanuri la matofali nyuma ya chumba cha chanjo.
Moshi unapanda kidogo, ukungu unaumeza,
mashamba ya chai hayaulizi.

Lile rundo nililichambua siku nne,
kwa buti, kwa reki, kwa sumaku yangu ya kazini.
Nikapata kumi na tisa.
Nilipaswa kupata ngapi?
Hapo ndipo aibu ya fundi ilipo:
sijui.

Majibu ya Ikupa yalirudi salama, yote.
Akatuletea kabichi moja, kubwa, bado ina umande.
Lakini nimemwona kupitia dirishani,
yuko kwenye rundo lake mwenyewe, upande wa kwake,
ambako sijawahi kutupa kitu:
anagonga majani kwa mpini wa jembe, mara mbili,
anasubiri,
ndipo anatia mkono.