Imerejeshwa Na

Leelo ana ruhusa ya kunakili tu.
Kila usiku, hospitali ya Tartu,
anazikunja kumbukumbu za wagonjwa
kama shuka, anafunga kabati.
Kuweka, anaweza.
Kutoa, si kazi yake.

Leo seva imezimika saa tisa,
theluji imeziba dirisha,
na mkunga anapiga simu:
yule mama wa mapacha, damu yake kundi gani?

Wenye ruhusa ya kurejesha ni mmoja,
Urmas,
tuliyemzika Oktoba.
Hakuna aliyekumbuka kumfuta.

Nywila yake imo bahashani, herufi zimeinama kushoto.
Mashine inauliza:
*Niandike juu ya yaliyopo?*

Kidole kinasita.
Ndiyo.

Majina yanarudi, na damu zao.
Mwisho kabisa, mstari mdogo:
imerejeshwa na Urmas,
saa kumi kasorobo.